MINOFU NA MAPANKI

Neno moja laweza kusafiri mbali, na kila mlango linaobisha likafika na vazi jingine. Chukueni neno panki. Mtaani kwetu Mburahati lilifikia kwa kinyozi. Wajomba zangu walinyolewa panki, za kando zikafyekwa, za katikati zikaachwa zimesimama kama jogoo, miaka mingi kabla mtindo huo haujaanza kuitwa kiduku. Nenda Mwanza uwaambie mapanki, watakuelewa vingine kabisa: ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanakaangwa na kuliwa na wenyeji wa ziwa. Na kule London, mwaka 1976, panki likawa jina la muziki wa vijana waliokuwa hawana kazi wala subira. Kabla ya hapo lilikuwa tusi, jina la kumwitia mhuni asiye na faida.

Nimeyaweka maneno hayo matatu kwenye sahani moja kwa makusudi, ndugu msomaji. Swali ninalotaka tulijadili limo humo humo. Muziki wa wahuni ukishapita, na wahuni wenyewe wakishaoa, wakishahama, au wakishazikwa, vile vitu vidogo vinavyobaki nyuma, kaseti, fulana, karatasi, picha, ni mali ya nani? Aliyenavyo mkononi ana haki ya kuvifanya apendavyo? Nani ale mnofu na nani aachiwe mfupa?

Falsafa sijaisomea. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, na tangu hapo chuo changu ni maskani. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na nyinyi mnaosoma kijarida hiki wengi wenu mna ugonjwa huo huo. Basi tuzungumze kimaskani, lakini tuzungumze kweli.

Panki wa Uingereza sifa yao kubwa ilikuwa kutongoja ruhusa. Hujui gitaa vizuri? Panda jukwaani hivyo hivyo. Kampuni haitaki kukutolea sahani? Toa mwenyewe. Gazeti halikuandiki? Andika lako. Julai 1976 kijana mmoja karani wa benki, Mark Perry, alikaa na taipu akaandika kijarida alichokiita Sniffin' Glue, kikatolewa fotokopi, kikauzwa mkono kwa mkono. Makosa ya taipu yaliachwa yalivyo, vichwa vya habari viliandikwa kwa kalamu nene. Mwaka uliofuata akakifunga. Leo nakala za kijarida hicho zinawindwa na wakusanyaji, na zinauzwa kwa fedha ambayo karani yule hakuwahi kuiota wakati anabana kurasa kwa pini. Sisi wa vijarida vya kubana kwa pini tunamfahamu mtu huyu hata kama hatujamwona.

Mtaani kwetu magitaa ya namna hiyo hayakuwepo. Kulikuwa na mchiriku, kisha ikaja singeli. Mchiriku ni kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kipaza sauti cha tarumbeta kinachokwaruza masikio, na kigoda kinachocharazwa kwa fimbo mpaka kinalia. Kundi la Jagwa Music, ambalo mama zetu walilicheza wakiwa wasichana, mwaka 2012 lilitolewa albamu na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, iliyoitwa Bongo Hotheads. Wazungu walioandika habari zake walihangaika kutafuta neno, na wengi wakaangukia hilo hilo: panki.

Singeli ikaja kuzidisha mwendo. Mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na wapo wanaopandisha mpaka 300. Kipande cha taarabu kinachukuliwa, kinaharakishwa kwenye kompyuta ya mtumba, kinazungushwa, halafu kijana anashika kipaza sauti anachana bila kuvuta pumzi. Hapo hapo Mburahati ipo studio ya Sisso, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za pale, Sounds of Sisso. Redio ya EFM ya hapa Dar nayo ilishaanza kuipigia debe singeli tangu miaka ya mwanzo ya kuanzishwa kwake, 2014. Lakini mahali pa singeli hasa palikuwa kigodoroni, kwenye zile sherehe za kukesha barabarani: turubai, jenereta, spika zimepangwa kama ukuta, vumbi mpaka magotini. Wazee walisema ni muziki wa wahuni. Hawakujua kwamba wanatafsiri Kiingereza.

Mimi sikuwa msanii. Nilikuwa mbeba spika, na jenereta ikizima nilikuwa mkimbilia petroli. Kazi hiyo ina faida moja: unakuwepo mwanzo na unakuwepo mwisho. Wengine wakishaondoka, wewe bado unakunja nyaya, na ukikunja nyaya unaokota vitu.

Nitawatajia nilivyonavyo, maana ni vichache. Nina duara la karatasi nyeusi lililotoka kwenye spika iliyopasuka usiku wa Idi. Nina fulana nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino majina ya masela tisa wa maskani yetu, jasho limeyafuta matatu. Nina ukurasa wa daftari la hesabu wenye mistari ya mshikaji mmoja, upande wa pili kuna kazi ya kutafuta eneo la pembetatu, haijasahihishwa. Na nina memori kadi ya GB 4, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, niliyorekodia kwa simu ya tochi na baadaye kwa simu janja ya kuazima kati ya mwaka 2015 na 2018.

Ona tofauti yetu na London. Panki wa kule waliacha mabango, tiketi, beji, sahani zenye majalada. Sisi kigodoro hakina tiketi. Tangazo ni mdomo wa mtu na mlio wa spika za majaribio saa kumi jioni. Nyimbo zilienezwa vibandani, unampa kijana wa kompyuta kadi yako na sarafu zako, anakujazia, hakuna jalada wala jina la mtunzi, faili limeandikwa SINGELI MPYA 14. Basi asiyekuwa na kadi hana historia. Ndiyo maana ile kadi yangu, ambayo haitoshi hata kununulia kikombe cha kahawa, ilikuja kunitia katika mtihani.

Yule mshikaji wa ukurasa wa hesabu alikuwa mkali. Nisimtaje jina, tumwite Msela tu. Hakuwahi kuingia studio hata siku moja. Alichana kigodoroni tu, kila usiku maneno mapya, na asubuhi ameyasahau. Mwaka 2019 bodaboda aliyopanda iligongwa na lori barabara ya Mandela, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Sauti yake, kwa ninavyojua mimi, ipo mahali pamoja tu duniani: dakika thelathini na tano kwenye kadi yangu.

Mwaka 2021 akaja mgeni, mkusanyaji wa rekodi za mitaani. Mstaarabu, Kiswahili anakijua, chai alinywa na sisi kwenye kopo. Alisikia dakika mbili kupitia simu yangu, akanyamaza, kisha akaniambia atanipa laki tatu. Laki tatu, jamani. Wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba miezi miwili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo nilikuwa naumwa kweli kweli. Nikamwambia anipe wiki.

Katika wiki hiyo ndipo nilipojifunza kwamba swali langu lilishajibiwa na watu wengine, kila mmoja kwa njia yake. Tuyapime majibu yao.

Jibu la kwanza ni moto. Tarehe 26 Novemba 2016, miaka arobaini kamili tangu kundi la Sex Pistols litoe sahani yake ya kwanza, mwanamume anayeitwa Joe Corré alipanda mashua kwenye mto Thames jijini London na shehena ya vitu vya panki, nguo, sahani na makorokoro mengine, akavitia kiberiti mbele ya watu na kamera. Alisema thamani yake ni pauni milioni tano. Huyu si mpita njia. Baba yake ni Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa kundi hilo, na mama yake ni Vivienne Westwood, mshona mitindo aliyewavisha panki. Hoja yake ilikuwa kwamba mwaka ule mji mzima ulikuwa unaadhimisha panki kwa maonyesho ya heshima, makumbusho na taasisi kubwa zikishiriki, na kwamba kitu kilichozaliwa kuwatia watu hasira hakiwezi kugeuzwa pambo la kabati. Afadhali majivu.

Naikubali hasira yake. Ipo aibu fulani ya kumwona aliyekufukuza jana akikukaribisha leo ukiwa ndani ya kioo. Lakini moto ule una kasoro mbili machoni pangu. Kwanza, kuchoma ni anasa. Anayechoma nguo ni mwenye kabati la pili. Panki wa London hata ukichoma mashua kumi, bado zipo sahani, filamu, vitabu na picha za kujaza maghala. Mimi nikikichoma kidude changu kidogo kama ukucha, Msela amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayejua kwamba kuna msiba. Pili, zile nguo zilikuwa za Corré kwa sheria, sawa, lakini kelele zilizozipa thamani hazikuwa zake. Zilikuwa za maelfu ya vijana waliotemeana mate kwenye kumbi za chini ya ardhi, na hao hakuna aliyewauliza. Muuzaji na mchomaji wanafanana kwa hilo: wote wawili wanadhani kilichopo mkononi mwao ni chao peke yao.

Jibu la pili ni soko. Washikaji zangu wengi walikuwa upande huu, na nisiwasingizie kwamba ni watu wenye tamaa. Mmoja aliniambia, "Wewe umasikini unauita uadilifu. Uza, lipa kodi, kaburini hakuna jukwaa." Ana hoja. Kuna watu wanapenda sanaa ya mtaani ibaki mtaani, yaani ibaki na njaa, ili wao waje kuitazama wikiendi. Mimi si mmoja wao. Wale vijana wa Mburahati waliotoka na ule mkusanyiko wa 2017, baadhi yao walifika majukwaa ya Ulaya, na hakuna aliyewaibia kitu kwa kuwasikiliza. Muziki kusafiri si dhambi. Muziki ni wa kusafiri.

Lakini tazameni vizuri. Wale walikwenda kwa miguu yao. Walikubali kwa midomo yao, na kama walipunjwa wana ulimi wa kulalamikia. Msela hana. Nikiuza kadi, anayesaini ni mimi, anayechana ni yeye, na anayekula ni mimi na mgeni. Cha mlevi huliwa na mgema, wanasema, lakini mlevi angalau alikunywa. Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale mapanki ya Mwanza. Mwenye kiwanda haibi samaki, samaki kanunuliwa kwa mzani. Tatizo ni kwamba mnofu ukishaondoka haurudi, na aliyeishi kando ya ziwa siku zote anakutana na samaki wake akiwa kichwa na miiba.

Jibu la tatu ni hifadhi. Hili lilinivutia kuliko yote, kwa sababu lina mifano ya kutia moyo. Mwaka 2014 maktaba ya umma ya jiji la Washington, kule Marekani, ilianzisha hazina ya panki wa jiji lile lile: vijarida, vipeperushi, kaseti, picha, vitu ambavyo watu walikuwa wamevifungia stoo. Haikuwa jumba la kifahari la kutoza kiingilio. Ni maktaba, ile ile ambayo mtoto wa shule anaingia kufanyia kazi zake za nyumbani, na ndani yake mtu aliyekuwepo miaka ile anaweza kuja kutafuta sura yake kwenye picha. Mfupa na mnofu vimebaki mji mmoja.

Na ipo Johannesburg. Mwaka 1979, wakati ubaguzi wa rangi ni sheria ya nchi, vijana weusi na weupe waliunda kundi la panki wakaliita National Wake. Kupanda jukwaa moja tu kwa watu wale ilikuwa ni ugomvi na serikali. Albamu yao ilitoka mwaka 1981, ikabanwa, ikatoweka madukani, na kundi likavunjika. Ingekuwa ndiyo mwisho wa habari. Lakini rekodi zilihifadhiwa, na mwaka 2013 kazi zao zikachapishwa upya Marekani, dunia ikasikia. Gary na Punka Khoza, ndugu wawili weusi waliopiga besi na ngoma, walikuwa wameshafariki. Hawakuisikia heshima ile. Ila fikirini kama mtu aliyekuwa na zile kanda angezitupa kwa sababu hazina bei, au angezichoma kwa sababu panki haifai kuwekwa kabatini. Waliotaka National Wake isiwahi kuwepo wangekuwa wameshinda, na wangeshinda bure.

Kwa hiyo nikaamua: hifadhi. Nikajiona nimefaulu mtihani. Nitainakili kadi, nitaandika majina na tarehe, nitaitafutia mahali salama, watu wasikilize. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuwa na memori kadi. Memori kadi inaoza. Kinachoshika sauti mle ndani ni chembe za umeme, na zinavuja taratibu, mwaka kwa mwaka, hata kama umeifunga kwenye leso na kuificha chini ya godoro.

Na kunakili nako kunaleta jambo lake. Fulana ni moja: ukiitoa umeitoa, ukiichoma imekwisha. Sauti ukiinakili zinakuwa mbili na zote mbili ni yenyewe. Hapo swali la "kitu hiki ni cha nani" linabadilika. Kitu kinaweza kuwa cha kila mtu kwa dakika moja. Linalobaki ni swali la ruhusa: nani anaweza kusema ndiyo, nani anaweza kusema hapana? Nikazunguka kote na fikra hizo, na mwisho wa safari nikajikuta niko kwenye mlango mmoja Kigogo, nyumbani kwa mama yake Msela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pita ndani."

Nikamweleza yote, ya mgeni na laki tatu, ya kunakili, na ya maktaba za wenzetu. Alikuwa anachambua mchele. Hakunikatiza. Nilipotoa simu nimsikilizishe aliniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Usiwashe," akasema. "Sauti ya mwanangu naisikia mwenyewe usiku. Sihitaji spika."

Nikamuuliza basi nifanyeje. Akachambua mchele kidogo.

"Usiuze. Usifute. Kaa nayo. Siku nikiihitaji nitakuita."

Nilitegemea machozi au baraka, nikapewa kazi. Na niseme ukweli, jibu lake lilinivuruga kuliko laki tatu. Maana kama nimeamini kwamba hifadhi ni haki, na kwamba kimya ni ushindi wa waliotudharau, je, mama mmoja ana haki ya kuuzuia mtaa mzima usimsikie mwana wake mkali kuliko wote? Wapo washikaji wanaosema hana. Wanasema Msela alichana barabarani, alilipwa kwa kutunzwa noti za mia tano mbele ya watu, kwa hiyo ni wa barabara. Mama alimzaa lakini hakuwahi kufika kigodoroni, yeye ni mtu wa swala tano. Kama angeulizwa mwenyewe Msela, angesema piga mpaka koni zipasuke.

Huenda. Nilimfahamu, na ningeweza kuapa kwamba angesema hivyo. Lakini hapa ndipo ninapotaka msomaji unisikilize vizuri. Marehemu tunapenda kumwekea mdomoni maneno tunayoyataka sisi. Mkusanyaji atasema marehemu angependa dunia imsikie. Mwenye shida ya kodi atasema marehemu angependa mshikaji wake asifukuzwe chumbani. Mwenye hasira atasema marehemu angependa moto. Kila mmoja anaibuka na marehemu wake, na ajabu ni kwamba marehemu hao wote wanakubaliana na aliyewaleta. Mama yake ndiye mtu pekee niliyemsikia asiyedai kujua mwanawe angetaka nini. Alisema anachotaka yeye, na akaacha mlango wazi: nitakuita.

Ndiyo maana naamini neno tunalolitafuta tunalo siku zote, na si mali, wala urithi, wala hazina. Ni amana. Kitu cha amana unakishika kwa nguvu zote kana kwamba ni chako, na unajua wakati wote kwamba si chako. Huruhusiwi kukiuza, lakini pia huruhusiwi kukiacha kiharibike kwa uvivu ukisingizia uaminifu. Mwenye amana ana kazi kuliko mwenye mali. Mwenye mali akichoka anatupa. Mwenye amana akichoka anatafuta wa kumrithisha kazi.

Kwa hiyo mgeni nilimrudishia jibu: hapana, kwa sasa. Alielewa, akaniachia anwani yake. Kadi nimeinakili mara mbili, na mama nimemwambia kwamba nimenakili, asije akadhani ziko moja. Nimeandika orodha, maana mali bila daftari hupotea bila habari: usiku gani, barabara gani, nani alikuwa kwenye kompyuta, nani alileta jenereta. Majina tisa ya kwenye fulana nimeyaandika upya, pamoja na yale matatu yaliyofutika, na wenyewe walio hai nimewauliza kwanza. Wawili walikataa. Mmoja sasa ni mwalimu wa madrasa, hataki. Nimeacha nafasi tupu mbili kwenye orodha, na sijisikii kwamba orodha imepungua.

Sasa nije kwetu sisi waandishi, maana tusijifanye kwamba visu viko kwa wakusanyaji peke yao. Riwaya nayo ni kiwanda cha minofu. Tunakaa kijiweni, tunasikiliza msiba wa mtu, jicho linatoka chozi huku mkono unaandika. Tunachukua kicheko cha huyu, kovu la yule, tunabadilisha jina, tunasema ni ubunifu. Halafu kitabu kinatoka, mwandishi anapigwa picha, na aliyetoa kovu anabaki nalo. Sisemi tuache. Tukiacha tutaandika nini, maisha ya watu wa kwenye televisheni? Nasema tu kwamba yule yule anayemwona mkusanyaji ni mwizi kwa sababu ana laki tatu, ajitazame yeye mwenye kalamu ya mia tatu.

Maana nilipokuwa naaga siku ile Kigogo, mkono uko kwenye komeo, nilimwambia mama kwamba naandika riwaya, na kwamba ningependa mwanawe awemo. Sikutaja kwa jina, nikasema, ni mtu wa mfano wake tu. Aliacha ungo akanitazama.

"Utaandika alivyokuwa," akaniuliza, "au utaandika utakavyo wewe?"

Nimesoma vitabu vingi vya uandishi vya kuazima, vinazungumzia mhusika, mandhari na msuko. Sijakutana na swali gumu kuliko hilo. Nikiandika alivyokuwa, naandika pia aliyokuwa anamficha mama yake, na yapo. Nikiandika nitakavyo mimi, nimemwekea mdomoni maneno kama wale wengine wote. Panki wa London wangesema andika, usiombe ruhusa. Na kwa mambo mengi nawafuata: sikuomba ruhusa kuwa mwandishi, sikungoja cheti, na kijarida hiki mnachokishika hakikungoja mchapishaji mkubwa. Lakini naona sasa kwamba ruhusa ziko za aina mbili. Ipo ruhusa ya mkubwa, mwenye studio, mwenye redio, mwenye kiwanda cha vitabu: hiyo usiingoje. Ipo na ruhusa ya mwenzako uliyekuwa naye vumbini, na ya mama yake: hiyo usiiruke. Ukizichanganya hizo mbili, utakuwa jasiri kwa wanyonge na mpole kwa wakubwa, na hapo huna tofauti na waliotuita wahuni.

Basi, washkaji, kila mmoja ana kadi yake, kaseti ya kaka yake, picha iliyokunjwa kwenye pochi. Itoeni muiangalie. Andikeni nyuma yake jina na mwaka kabla mikono iliyokuwepo haijasahau. Nakilini. Kisha mtafuteni mwenye sauti, na kama hayupo mtafuteni anayemlilia, mumuulize kabla ya mgeni, kabla ya moto, na kabla ya riwaya. Akisema hapana, kaeni nayo vizuri. Hapana ya leo si ya milele, lakini ya leo ni ya kuheshimiwa.

Mimi riwaya yangu imefika ukurasa wa arobaini na moja. Ina jenereta, ina turubai, ina mbeba spika anayekimbilia petroli usiku. Kipaza sauti kiko juu ya kiti na hakuna aliyekishika bado. Nimekiacha hapo kwanza, mpaka nipate cha kumjibu mama yake.